Kamera na Maikrofoni za Kumfuata Mwindaji Porini kwa Miguu

Kila kifaa cha kurekodia uwindaji mimi hukipima kwa dakika moja tu. Jua limeshazama, mwanga uliobaki ni wa nusu saa, mwindaji amelala kifudifudi na mnyama amejitokeza ukingoni mwa msitu, mita 300 ng'ambo ya bonde. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi na kifua bado kinahema kwa kupanda. Kifaa kisichoweza kuwa tayari ndani ya sekunde 10 katika hali hiyo sikibebi, hata kama picha zake za mchana zinavutia namna gani.

Mimi ni mbeba kamera. Kazi yangu ni kumfuata mwenye bunduki au upinde kwa siku kadhaa mahali ambapo gari halifiki, hema, chakula na vifaa vyote vikiwa mgongoni. Ushauri ulio hapa chini ni wa kazi ya namna hiyo. Anayerekodi akiwa juu ya gari au ndani ya kibanda cha kuvizia anaweza kubeba mengine, na bora zaidi.

Anza na mizani

Weka juu ya mizani kila kitu cha kurekodia: kamera, lenzi, betri, chaja, nyaya, tripodi, maikrofoni, hata mifuko ya kuzuia maji. Watu hupima kamera peke yake wakasahau kwamba vinavyoizunguka mara nyingi huizidi. Mpaka wangu ni kilo 6 kwa jumla, tripodi ikiwemo. Mwindaji anayejirekodi mwenyewe ashuke hadi kilo 3, kwa kuwa silaha na darubini tayari ziko juu yake.

Pia piga hesabu ya kurudi. Mnyama akipatikana, nyama hushuka mlimani kwa migongo ya watu, na mgongo wa mbeba kamera umo kwenye hesabu hiyo. Mimi huacha nafasi tupu kwenye shanta kwa makusudi, na kamera ikaja kifuani kwenye mkoba wake wakati wa kuteremka. Mbeba kamera asiyeweza kubeba paja moja la nyama hataalikwa tena, na sioni kosa la wanaomwacha.

Kamera: umbali kwanza, giza baadaye

Jiulize mnyama ataonekana mkubwa kiasi gani. Chukua kamera yenye sensa kamili, yaani ile sehemu ya kupokea mwanga yenye milimita 36 kwa 24. Kwa lenzi ya milimita 200, ukiwa mita 300 kutoka kwa mnyama, fremu yako inafunika upana wa mita 54. Mnyama mwenye urefu wa mita moja na nusu anakuwa nukta ya kahawia katikati ya majani. Kwa milimita 600, upana huo unashuka hadi mita 18, na mnyama yule yule anachukua sehemu moja ya kumi na mbili ya upana wa picha. Hapo mtazamaji anaona pembe, anaona sikio likigeuka, na anaelewa kwa nini mwindaji ameamua kusubiri. Kwenye milima iliyo wazi, milimita 600 au zinazolingana nazo ndicho kiwango changu cha chini. Msituni, au kwa mwindaji wa upinde anayenyemelea hadi mita 30, milimita 100 hadi 200 zinatosha kabisa. Huko ni afadhali uzito utumike kwa lenzi yenye tundu kubwa, yaani inayopitisha mwanga mwingi.

Kuzifikia milimita 600 kuna njia tatu, na kila moja inakunyang'anya kitu.

Ya kwanza ni sensa kamili na lenzi ndefu. Lenzi ya Sony ya 200-600 ina uzito wa gramu 2,115 kabla hujaifunga kwenye kamera. Ile ya 100-400 ya daraja la juu, isiyofika 600, ina 1,395. Picha ya jioni ni nzuri, lakini nusu ya uzito wako umeisha.

Njia ya pili ni sensa ndogo ya inchi moja, yenye milimita 13.2 kwa 8.8, ambayo lenzi yake haibanduki. Sony RX10 IV iliyotoka mwaka 2017 inaanzia upana wa milimita 24 na kufika 600, kwa kipimo cha sensa kamili, ndani ya mwili wenye uzito wa kilo 1.1 hivi, na tundu lake haliwi dogo kuliko f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) hata ukiwa mwisho wa zumu. Kwa mtu anayejirekodi mwenyewe sijaona wazo lililo rahisi zaidi: hakuna kubadilisha lenzi, hakuna vumbi kuingia. Ila inatumia betri ndogo, kwa hiyo za akiba ziwe nyingi. Na usidanganywe na ile f/4. Ni kweli lenzi ya f/6.3, kama ile 200-600 ikiwa mwisho wa zumu, hupitisha mwanga pungufu kwa kila milimita ya sensa, lakini sensa kamili ina eneo linalozidi la inchi moja mara saba. Ukijumlisha yote, kamera kubwa hukusanya mwanga mara tatu hivi zaidi. Tofauti hiyo huioni saa sita mchana. Utaiona katika zile dakika za mwisho, picha inapoanza kujaa chenga.

Ya tatu imesimama katikati, nami ndiyo niliyoichagua: sensa ya milimita 17.3 kwa 13, ile ya mfumo wa Micro Four Thirds. Lenzi ya Lumix ya 100-300 ina gramu 520 tu na, kwa kuwa upana wa sensa hii ni karibu nusu ya ule wa sensa kamili, inaona kama milimita 200 hadi 600. Ukiongeza lenzi fupi ya kambini na ya njiani, bado uko chini ya uzito wa ile 200-600 peke yake. Kwa tundu sawa la lenzi, giza inalivumilia kuliko sensa ya inchi moja, ingawa kwa sensa kamili haifui dafu.

Kamera za video za mkononi, zile zenye mkanda wa kupitisha kiganja, wengi wamezitupa kabatini, na nadhani wamekosea. Zumu yake ni ya kidole kimoja, haina kelele, na baadhi zina filta za kupunguza mwanga zilizojengwa ndani. Baadhi pia hunasa sekunde chache zilizotangulia kabla hujabonyeza kitufe. Mnyama anapochomoza ghafla na kutoweka, sekunde hizo ndizo habari yenyewe. Ukipata yenye uwezo huo na zumu ndefu, usiidharau kwa sababu ya umbo lake la kizamani.

Kuna mambo madogo ambayo tangazo la kamera halikuambii. Shika kamera ukiwa umevaa glavu utakazovaa porini, ujaribu kubadilisha mwangaza na fokasi (ukali wa picha) bila kuangalia vitufe. Hakikisha mlio wa vitufe unazimika, na kile kitaa chekundu cha mbele kinazimika pia. Hakikisha unaweza kuhamia fokasi ya mkono kwa kitufe kimoja. Porini karibu kila mara kuna jani au unyasi kati yako na mnyama, na fokasi ya kamera hupenda kung'ang'ania unyasi. Kioo kidogo cha kuchungulia kwa jicho ni muhimu kuliko skrini kubwa, kwani skrini inayowaka alfajiri huumulika uso wako, na mnyama anakuona kabla hujamwona.

Kuhusu ubora wa video, 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inanitosha. Hiyo ni kama gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 128 inabeba karibu saa 2 na dakika 50. Mahitaji hayo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na kadi yenye alama ya V30, inayohakikisha 30, inayamudu bila shida. Kulipia V90 kwa kazi hii ni kutupa fedha ambazo zingenunua betri. Ukiweza, chukua kamera yenye nafasi mbili za kadi na urekodi kwenye zote kwa pamoja.

Tripodi

Kwa milimita 600 mkono hautoshi. Hata pumzi yako itaitikisa picha. Kanuni yangu ni kwamba tripodi ya kamera na ya darubini iwe moja, au angalau zipokee bamba la kufungia kifaa la aina moja, kusudi mwindaji akishaona kitu kwa darubini, kamera ikae mahali pale pale bila kufungua skrubu. Miguu iwe ya nyuzi za kaboni na iweze kutanuka hadi chini kabisa, kwa maana utarekodi umekaa au umelala mara nyingi kuliko umesimama. Kichwa kiwe kile chenye majimaji ndani, kinachozunguka taratibu bila kushtuka. Kichwa chenye tufe, kile cha picha za mnato, hakikubali kumfuata mnyama anayetembea. Chuma chochote kinachong'aa kifunike kwa utepe mweusi wa kitambaa.

Darubini yenyewe nayo inaweza kuwa lenzi. Kishikizo cha kufungia simu kwenye darubini kubwa ya jicho moja kina uzito mdogo sana na hukupa ukaribu ambao lenzi za kawaida hazifiki. Kitumie asubuhi kwa wanyama waliotulia. Jua likipanda, joto la ardhi linaleta mazigazi, picha inacheza kama iko ndani ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoliponya hilo.

Sauti, ambayo ndiyo ninayoipigania

Ukilazimika kupunguza bajeti mahali, punguza kwenye kamera. Nasema hivi kwa dhati. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga ya jioni, lakini hatavumilia dakika 20 za upepo unaonguruma. Na uwindaji ni kazi ya kunong'ona: mwindaji anasema "yule wa kushoto, ngoja ageuke" kwa sauti ambayo wewe mwenyewe, mita mbili nyuma yake, huisikii. Mnong'ono huo ndio unaomweleza mtazamaji kwamba mtu huyu anafikiri kabla ya kufyatua. Ukiukosa, unabaki na mlio na mnyama anayeanguka, na heshima yote ya kazi ile haionekani.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ya mwindaji. Hapa uamuzi ni kati ya ya redio, inayotuma sauti hadi kwenye kamera, na kinasa kidogo kinachokaa mfukoni mwake na kuhifadhi sauti chenyewe. Za redio ni rahisi na unasikia papo hapo kinachonaswa. Lakini nyingi kati ya zile ndogo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu huyazuia. Mwindaji akikupa mgongo na kuingia kwenye korongo, sauti inakatika. Ukinunua ya redio, chukua ile ambayo kisambazaji chake pia kinahifadhi sauti ndani yake, kama Rode Wireless GO II au DJI Mic 2, ili mawimbi yakikatika, nakala iwepo.

Mimi naegemea kinasa cha mfukoni. Zoom F2 ina gramu 32 bila betri na inatumia betri mbili za AAA, ambazo hazihitaji chaja. Nakiwasha asubuhi, nakifunga vitufe vyake visije vikabonyezwa, nakiacha kinase hadi mchana. Kinanasa kwa mfumo wa biti 32 za nukta inayoelea, kwa maana kwamba hakuna kiwango cha sauti cha kurekebisha porini: mnong'ono na kelele vyote vinaingia, na unavipandisha au kuvishusha baadaye. Kwa mkondo mmoja wa sauti, hiyo ni kama megabaiti 690 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 40.

Ila elewa mpaka wa biti 32. Mlio wa bunduki karibu na mtutu hupita desibeli 140, na maikrofoni ndogo nyingi za nguo huzidiwa kabla ya hapo. Sauti ikishavurugika ndani ya maikrofoni yenyewe, kinasa hakina cha kuokoa. Kwa hiyo mlio nauchukua kwa maikrofoni ya pili, ile ya juu ya kamera, niliyoishusha kiwango sana na kuisogeza mita kadhaa nyuma. Na ukishasikia mlio, usizime. Risasi huchukua karibu nusu sekunde kufika mita 300, na sauti ya kugonga huchukua kama sekunde 0.9 kurudi, kwa hiyo kishindo chake utakisikia zaidi ya sekunde moja baada ya kufyatua. Kishindo hicho humwambia mwindaji mengi kuhusu mahali risasi ilipopiga, na mwangwi wa bonde unaofuata hakuna maktaba ya sauti itakayokupa.

Mahali pa kubana maikrofoni pana maana kuliko aina yake. Mikanda ya shanta na mkoba wa darubini kifuani husugua kila kitu. Kwa mwenye bunduki, bana upande ulio kinyume na bega linalopokea kitako cha bunduki. Kwa mwenye upinde, kifua chote ni hatari kwa sababu ugwe hupita hapo. Weka chini ya ukosi, au chini ya ukingo wa kofia, waya ukishuka nyuma ya shingo. Kofia ni pazuri pia kwa sauti: mdomo uko karibu, na kichwa kinapogeuka, maikrofoni inageuka nacho. Kabla ya kuondoka kambini mwambie mwindaji atembee hatua 20 na shanta lake, ainame, alenge, huku wewe ukisikiliza kwa hedifoni.

Usishindane na upepo kwa sponji peke yake. Sponji ni ya ndani ya nyumba. Funika maikrofoni ya kamera kwa kile kifuniko chenye manyoya marefu, na ile ndogo ya nguo kwa kipande chake cha manyoya, kisha iweke chini ya tabaka moja la kitambaa cha pamba au sufu. Epuka koti la mvua la nailoni, linachakarika kama karatasi. Beba kifuniko kimoja cha akiba kwa kila maikrofoni, hivi ndivyo vitu vinavyopotea kwa urahisi kuliko vyote.

Ili sauti ya kinasa na picha zikutane baadaye, wengine hupiga makofi mbele ya kamera. Porini usipige makofi. Gonga kucha mara mbili kwenye maikrofoni huku kamera ikiona kidole, inatosha kabisa. Fanya hivyo kila unapoanza kurekodi tukio refu, kwa kuwa saa za vifaa viwili huachana taratibu.

Jioni, mwindaji akiwa anapumzika, rekodi dakika mbili za sauti ya mahali mlipo: ndege, kijito, majani, bila mtu kusema. Mhariri atazihitaji kila anapokata.

Umeme

Hesabu kwa wati-saa, yaani kiasi cha umeme kilichomo, usihesabu kwa idadi ya betri. Pawabenki ya miliampia-saa 20,000 ina wati-saa 74 hivi, nayo iko chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba ruhusa. Betri ya kamera kama NP-FZ100 ya Sony ina 16.4, kwa hiyo pawabenki hiyo inaijaza mara tatu na kidogo, ukiondoa kinachopotea njiani. Chagua kamera inayochajiwa kwa waya wa USB-C, na ikiwezekana inayorekodi huku ikichajiwa.

Baridi hupunguza nguvu za betri za lithiamu kwa muda. Zitunze mfuko wa ndani karibu na mwili, usiku zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Usizichaji zikiwa chini ya sifuri, kwani hapo zinaharibika moja kwa moja. Zipashe kwanza kwa joto la mwili. Mimi huweka zilizojaa mfuko wa kushoto na zilizoisha mfuko wa kulia, ili gizani mkono ujue wenyewe.

Paneli ya jua naiacha nyumbani safari ikiwa fupi. Bondeni na chini ya mawingu haizai kitu cha kulingana na uzito wake.

Mvua, ukungu na vumbi

Mfuko mkavu wa kufunga kwa kukunja, kifuniko cha mvua, vitambaa viwili, pakiti chache za chembe za kunyonya unyevu. Hatari inayosahauliwa ni kuingiza kamera iliyopoa kwenye hema lenye joto: unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji kwenye vioo, hata ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uingie nayo, uifungue ikishapata joto la hema. Alfajiri huna muda wa kusubiri lenzi ikauke.

Sheria na mahali pa kusimama

Uliza mamlaka ya wanyamapori ya eneo lile kabla ya kununua droni. Sehemu nyingi zinakataza kuitumia kutafuta au kusumbua wanyama wakati wa uwindaji, na hifadhi nyingi haziruhusu iruke kabisa. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku droni katika hifadhi zake za taifa mwaka 2014. Zipo pia sehemu zinazokataza kufunga kifaa chochote cha umeme kwenye upinde, hata kamera ndogo. Fedha hizo ziende kwenye betri.

Ukiwa kazini, simama nyuma ya mtutu daima, nyuma kidogo ya bega la mpigaji, upande ambao maganda ya risasi hayarukii. Vaa kinga ya masikio. Za kielektroniki ni bora, kwani zinakuza mnong'ono na kuufifisha mlio. Na mkubaliane kabla: mwindaji hasubiri kamera. Akipata nafasi safi ya kumwangusha mnyama bila kumtesa, afyatue, hata kama wewe bado unatafuta fokasi. Mbeba kamera anayesema "ngoja kidogo" anaweza kusababisha mnyama kujeruhiwa na kupotelea msituni, na hakuna video inayostahili hilo.

Wiki moja kabla ya safari, pakia kila kitu, tembea nacho kwa muda wa saa tatu kwenye mlima wowote, kisha jua likizama rekodi mtu aliyesimama mita 300 akinong'ona na maikrofoni yake. Fanya hivyo siku ya upepo. Usiku uangalie picha kwenye skrini kubwa na usikilize kwa hedifoni. Ambacho hukukigusa siku nzima, isipokuwa cha akiba au cha mvua, kitoe kwenye shanta, kisha upime tena.